Matembezi ya Mama Octavian

Kwa miaka ishirini na saba Agnella aliwapikia watoto wa shule ya msingi uji na makande, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusafiri pasipo msiba, harusi au mgonjwa. Mahenge aliijua kwa kuwa shangazi yake alizikwa huko. Morogoro mjini aliijua kuanzia geti la hospitali hadi wodi aliyolazwa marehemu mumewe, zaidi ya hapo hakujua kitu. Mwezi aliostaafu, akiwa na miaka sitini kamili, aliwaambia rafiki zake wawili kwamba anataka kwenda mahali ambako hakuna mtu anayemsubiri.

Rafiki wa kwanza alikuwa Sada, fundi cherehani, jirani yake hapo Lumemo, Ifakara. Sada alizaliwa Pangani, akaletwa bondeni akiwa bi harusi wa mkata miwa wa kiwanda cha sukari. Mume alishafariki, miwa wanakata wengine, naye alibaki na cherehani yake na ulimi usiokaa kimya. Wa pili alikuwa Kelestini, Mndamba wa mtoni, ambaye kabla ya daraja kujengwa alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi wa mbao. Urafiki wao ulizaliwa ndani ya mtumbwi huo, kwa sababu wanawake hao wawili walikuwa na mashamba ya mpunga ng'ambo, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyewapeleka na kuwarudisha.

"Kwenda wapi?" Kelestini aliuliza.

"Juu ya mto. Mpaka tuchoke, kisha tuyaachie maji yaturudishe."

"Kuvua?"

"Hapana."

"Kununua mpunga?"

"Kutembea, Kelestini. Tunaenda, tunatazama, tunalala, tunaenda tena."

Kelestini alikaa akikuna kidevu. "Mtoni hapa nimevusha wagonjwa, maiti, mbuzi, maaskofu na mashine ya kukoboa," alisema. "Mtu anayetembea tu sijawahi kumpakia."

"Basi utaanza na sisi," Sada alisema. Akaongeza kwamba mtumbwi ule utawekwa tanga. Baba yake alikuwa mshona matanga, naye alikuwa amemshikia uzi tangu anajua kukaa. Mwezi wa sita upepo wa bonde unatoka mashariki, na wao wangeelekea magharibi, kwa hiyo kwa nini mtu wa miaka sitini na mitatu ahangaike kusukuma upondo kutwa nzima? Kelestini alisema mto huu haujawahi kuona tanga. Sada akamjibu kwamba utaona sasa, akaenda kununua kitambaa cha marekani.

Habari zilipomfikia Octavian, kifungua mimba wa Agnella, alikuja jioni hiyo hiyo. Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari, mtu wa shati lililonyooshwa, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwa mama yake. Aliamkia, akakaa, akasubiri chai iishe.

"Mama, nasikia unataka kwenda mtoni wiki mbili."

"Nakwenda."

"Na Mzee Kelestini."

"Na Kelestini na Sada. Kelestini atalala mtumbwini. Sisi tutafunga chandarua chetu pembeni."

"Wewe ni mjane, Mama. Una wajukuu saba. Watu watasema nini?"

"Watasema Mama Octavian katembea."

Octavian aliangalia sakafu. Kisha akasema lile ambalo hasa lilimleta. "Na watoto wakitoka shule watakaa na nani? Yosefina yuko kazini mpaka saa kumi na moja."

Agnella alikuwa amelitarajia hilo. Tangu astaafu, watoto wanne wa Octavian walikuwa wakishinda kwake, wakila kwake, na hakuna siku mtu alimwuliza kama anaweza. Aliwapenda mno watoto hao. Lakini alikwishatambua kwamba kule kustaafu kwake kulikuwa kuhama tu kutoka jiko moja kwenda jingine.

"Wana mama yao na wana baba yao," alisema. "Kwa wiki mbili hawatakufa."

Waliondoka Ijumaa asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Walipakia mchele, dagaa, chumvi, sufuria mbili, birika, chandarua, na tanga lililokunjwa vizuri kama shuka za hospitali. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu ufukweni waliuliza nani kafa. Sada akawaambia hakuna. Wakauliza basi nani anaumwa.

Jua lilipopanda upepo ulianza. Sada alisimama katikati ya mtumbwi, akavuta kamba, na kile kitambaa kikajaa kwa mshindo. Mtumbwi ukainua pua. Kelestini, aliyekuwa nyuma akiongoza kwa kafi, alishika ubavu wa mtumbwi kwa mkono mmoja, akatazama maji yakigawanyika bila yeye kufanya kazi yoyote. Mwishowe akasema, "Miaka arobaini nimekuwa nikisukuma."

Agnella alikaa mbele, miguu kainyoosha. Alitazama matete yakipita, kundi la sheshe, swala wa bondeni, likinywa maji kisha likiinua vichwa pamoja, furukombe akiwa juu ya mti mkavu. Mikono yake haikujua ikae wapi. Mara mbili alijikuta akitafuta kitu cha kumenya. Siku ya pili aliiweka tu mapajani, akaiacha.

Siku hiyo ya pili walikutana na viboko. Walikuwa kumi na kitu, wamejaza kona yote, na dume moja lilikuwa limeelekeza macho kwao. Kelestini alimwambia Sada ashushe tanga taratibu, asilitikise. Wakajisogeza kwenye matete, wakashikilia mashina kwa mikono, wakasubiri. Walisubiri hadi jua lilipovuka kichwa. Hakuna aliyelalamika kwamba wanachelewa, na hapo ndipo Agnella alipong'amua kwamba kweli hakukuwa na mahali pa kuchelewa. Alianza kucheka kimyakimya hadi machozi yakamtoka. Sada akamziba mdomo kwa kanga, naye akiwa anacheka.

Walikuwa wakitua kwenye madago, zile kambi za wavuvi za majani na turubai zinazosimama msimu mmoja na kuondoka. Kwenye dago la mwanamke aitwaye Levina, mkaushaji wa kambale, walipokelewa kwa mashaka. Levina aliwaonyesha samaki wake, wakasema hawanunui. Akauliza kama wao ni watu wa maliasili. Akauliza kama wanapima ardhi. Mwishowe aliwapa ugali na samaki aina ya kitoga wa kuchemsha, akakaa akiwatazama wanavyokula.

"Na mkishafika huko juu, mnafanya nini?"

"Tunarudi," Agnella alisema.

Levina alifikiri. "Mume wangu angeniua," alisema, kisha akaomba ashike ile kamba ya tanga, aone inavyovuta.

Uvumi ulikuwa na mbio kuliko mtumbwi. Siku ya nne, walipokaribia kijiji cha Limbwanji, waliona watu wamejipanga ufukweni. Mbele yao alisimama kijana wa miaka thelathini na kitu, kavaa koti juani, ameshika daftari kubwa. Alijitambulisha kuwa ni Kassian, mtendaji wa kijiji. Aliwaamkia wote watatu kwa adabu, akawaongoza hadi ofisini, akafungua kitabu cha wageni.

Agnella aliandika jina lake, mahali anakotoka, na tarehe. Kwenye safu ya sababu ya safari aliandika: Kutembea.

Kassian alisoma, akasafisha koo. "Mama, hapa inatakiwa sababu."

"Hiyo ndiyo sababu."

"Kutembea si sababu. Kama ni uvuvi, naomba leseni. Kama ni biashara, naomba kibali. Kama ni utalii," alitazama kanga yake na ndara zake, "watalii wana utaratibu wao, wanakuja na kampuni. Chombo chenye tanga mtoni hapa hatujawahi kuwa nacho. Wananchi wanauliza, na mimi lazima niwe na jibu."

"Jibu ni kwamba tunatembea."

Basi Kassian akaamuru tanga, kafi na upondo viingizwe ofisini, akafunga kwa kufuli. Akasema watakaa hadi jambo lieleweke. Lakini alikuwa kijana mwenye huruma, na kabla ya jua kuzama alirudi kuwaona pale uwanjani walipokuwa wamekaa. Alichutama karibu na Agnella, daftari la wageni mkononi, akashusha sauti.

"Mama, mimi nataka kuwasaidia. Andika tu msiba. Andika mnakwenda kuzika Malinyi. Msiba hauhitaji kibali. Nawafungulia sasa hivi."

Kelestini aliinuka nusu. "Andika, Mama Octavian. Neno moja tu, tuondoke."

Agnella alilitazama lile daftari. Alikuwa amechoka, na mgongo ulimuuma kwa kukaa mtumbwini. Neno moja tu. Alikumbuka misiba yote aliyopika, masufuria ya wali aliyopakua mvua ikinyesha, safari zote alizoruhusiwa kwenda kwa sababu kuna mtu amelala kwenye jeneza.

"Nani amekufa?" alimwuliza Kassian.

"Hakuna, mama. Ni kuandika tu."

"Mimi simuui mtu kwenye karatasi ili nipewe ruhusa ya kupita. Mwanangu, nimekwenda kwenye misiba tangu nina miaka sita. Hii ni mara ya kwanza natoka nyumbani bila mtu kufa, nawe unataka niifanye iwe msiba. Siandiki."

"Basi mtalala hapa."

"Tutalala."

Wakalala chini ya chandarua mbele ya ofisi ya kijiji, na asubuhi Agnella akapanga mafiga matatu palepale uwanjani, akawasha moto, akabandika uji. Kama kuna jambo alilolijua duniani ni kuwasha moto kwenye uwanja wa serikali. Watu waliokuja kwa shida zao, wa barua za utambulisho na wa ugomvi wa ng'ombe kuingia mpungani, walipita kando ya sufuria yake. Kila aliyeuliza alijibiwa vilevile. Mpaka adhuhuri kijiji kizima kilijua kwamba kuna mama kutoka Lumemo amekataa kuandika msiba.

Wanawake walianza kuja. Mmoja alileta mihogo. Minza, mama wa Kisukuma aliyekuwa akiishi na mifugo pembezoni mwa kijiji, alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, akakaa chini miguu kaikunja.

"Nina miaka kumi na mmoja kwenye ukingo huu," alisema kwa kile Kiswahili chake cha taratibu. "Nachota, nafua, nanywesha ng'ombe. Juu ya maji yenyewe sijawahi kukaa. Wakiwaachia, mimi napanda."

"Utasema unakwenda wapi?" Sada aliuliza.

"Nitasema nakwenda pale kwenye kona, narudi."

Saa tisa ikasikika pikipiki. Agnella alimjua aliyepanda nyuma kabla haijasimama, kwa jinsi alivyoshikilia kola ya shati vumbi lisiingie. Octavian alishuka, akampungia dereva asubiri, akaja moja kwa moja. Kassian alitoka ofisini mbio mbio, akasimama wima.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, na Agnella akaelewa. Kijana huyu alifundishwa na mwanawe.

"Mama, shikamoo. Panda pikipiki twende nyumbani."

"Marahaba. Umejuaje niko hapa?"

Octavian alimtupia Kassian jicho. Agnella alimgeukia Kassian. "Mwanangu, niambie ukweli. Mimi na wenzangu tumevunja sheria gani?"

Kassian alimtazama mwalimu wake, akatazama uwanja uliojaa watu, akatazama viatu vyake. "Hakuna, mama. Mwalimu alinipigia. Alisema tangu ustaafu umechanganyikiwa kidogo, umetoroka nyumbani, nikuzuie mpaka afike."

Watu uwanjani walisogea karibu.

"Umesema nimechanganyikiwa?" Agnella aliuliza. Hakuinua sauti.

"Nilisema una msongo wa mawazo, Mama. Ilibidi niseme kitu. Ungependa niseme nini? Kwamba mama yangu yuko mtoni anazurura?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo."

"Mimi nina heshima yangu. Wazazi wa wanafunzi wananiuliza."

"Na mimi nilikuwa na yangu, Octavian. Leo kijana huyu ameniangalia siku nzima akitafuta dalili za wazimu. Kila nilipokoroga uji alikuwa anachungulia dirishani. Nilidhani ana njaa." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Nilipokuwa naamka saa kumi usiku kukoka moto wa shule ili wewe upate ada, hukusema nimechanganyikiwa. Nilipomwuguza baba yako, nikilala sakafuni wodini miezi mitatu, hukusema. Nimekaa juu ya maji siku nne nikitazama ndege, ndipo kichwa kimeharibika?"

"Mama, watu wanasikiliza."

"Ni wewe uliyewaita."

Octavian alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Kwa muda alikuwa kama yule mtoto aliyekuwa akirudi na daftari lenye alama mbaya, na moyo wa Agnella ulimwuma. Karibu anyooshe mkono. Kisha Octavian akarudisha miwani usoni.

"Dereva anasubiri. Ukipanda mtumbwi huo leo, mimi usinitafute."

"Sitakutafuta," Agnella alisema. "Nyumba yangu unaijua. Kassian, nipe kitabu."

Kassian alikileta mwenyewe, mbio. Neno Kutembea lilikuwa bado pale. Agnella alichukua kalamu, akalipigia mstari chini, mara mbili. Kassian aligonga mhuri pembeni, ingawa kwenye ukurasa huo hakuna mwingine aliyewahi kugongewa mhuri, akaenda kufungua kufuli.

Walishusha mtumbwi majini watu wakiwasindikiza. Minza aliingia kwanza, akakaa katikati, ameshika mbao za pande zote mbili, macho ameyafumba. Tanga lilipojaa aliyafumbua. Walipofika kwenye kona alimwomba Kelestini aende mbele kidogo, kisha kidogo tena. Waliporudi kumshusha, mumewe alikuwa amesimama ufukweni na fimbo yake ya kuchungia. Alimwuliza kwa Kisukuma, naye akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba alikuwa anatembea. Mume alitazama mtumbwi, akauliza unabeba watu wangapi. Pikipiki ya Octavian ilikuwa imekwishaondoka.

Waliendelea siku tano zaidi, hadi mahali ambapo mto unagawanyika na kutawanyika, na mtu hajui tena ukingo ni upi. Walitia nanga, jiwe lililofungwa kamba, katikati ya maji mapana yaliyojaa mayungiyungi. Walikaa hapo siku mbili nzima. Kelestini aliwafundisha kulia kama kibata, bata mdogo wa majini. Sada aliswali akiwa ameketi, akisema Mungu anajua mtumbwi unayumba. Agnella alimfikiria mwanawe mara nyingi, akalia mara moja, alfajiri, wenzake wakiwa bado wamelala. Lakini hata katika kulia huko hakuna wakati alioomba awe amefanya vingine. Kisha wakakunja tanga, wakauachia mto uwarudishe.

Walifika Ifakara siku ya Ijumaa. Kesho yake asubuhi jumuiya ya kanisani ilikuwa na zamu ya kusali nyumbani kwake, na Agnella alikwishafagia uwanja na kutandika mikeka. Watu walikuja wengi kuliko kawaida. Brigitha, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa na ndoo ya unga kichwani. Nyuma yake wanawake wengine walibeba mchele, mafuta, maharage, kuni. Octavian na mkewe Yosefina waliingia mwisho, wakasimama karibu na mlango wa ua.

Brigitha alimkumbatia. "Pole sana, Mama Octavian. Pole na safari, pole na msiba. Mwalimu alitutangazia. Mama mdogo wako wa Malinyi, Mungu amlaze pema."

Agnella alimtazama mwanawe juu ya bega la Brigitha. Octavian alitikisa kichwa kidogo, kumwomba. Ilikuwa rahisi kabisa. Angesema asante, wangesali, unga ungeingia ndani, na mambo kati yake na mwanawe huenda yangeanza kutengenezeka.

"Brigitha, asante," alisema. "Lakini hakuna aliyekufa. Mama mdogo wangu wa Malinyi yuko hai, na jana tumeongea kwa simu kuhusu bata wake. Sikuwa msibani. Nilikuwa mtoni na Sada na Kelestini, wiki mbili, natembea."

Watu walitazamana. Mtu mmoja alikohoa. Brigitha alibaki ameshika ndoo yake, hajui aitue au arudi nayo.

"Sasa huu unga?" aliuliza hatimaye.

"Umeletwa kwangu, utaliwa kwangu. Tusali kwanza, kisha nitapika. Anayetaka kusikia habari za mto atakaa, anayeona vibaya atachukua alicholeta, sitamlaumu."

Walisali. Wawili walichukua mchele wao wakaondoka. Wengine wote walibaki, na hata kabla maji hayajachemka Brigitha alikuwa ameshaanza kuuliza kuhusu viboko. Yosefina alivua viatu, akaingia jikoni bila kuitwa, akaanza kuchambua maharage. Hakumtazama mumewe.

Octavian alisimama mlangoni hadi alipoona vicheko vimeanza. Kisha akageuka, akashika njia ya kwake, mikono mfukoni. Agnella alimwona akienda. Alisimama na mwiko mkononi, akamsindikiza kwa macho hadi alipofika kwenye geti lake na kuingia. Halafu akainama, akasukuma kuni ndani ya mafiga, na kuwaambia wanawake wasogee, kwa sababu moshi ulikuwa unakuja upande wao.